Kitufe cha "Pakua": Fanya Hivi, Acha Vile

USIFANYE

Usichukue jina la faili alilotuma mtumiaji ukaliunganisha na njia ya folda. Ataandika ../../../etc/passwd na seva itamkabidhi. Kesho atafuata settings.py yenye nenosiri la hifadhidata. Na usiniambie umeshafuta ../ kwa replace: ataandika ....//, utafuta herufi tatu za katikati, na kitakachobaki ni ../ ileile.

Usidhani kuingia kwa nenosiri kunatosha. Niliitwa ofisi moja baada ya karani kubadilisha 1042 kuwa 1043 kwenye anwani ya hati yake ya mshahara. Ilifunguka ya jirani yake. Akaendelea mpaka ya mkurugenzi. Mfumo ulikuwa unauliza "umeingia?", hauulizi "hii ni yako?" Mwandishi wa mfumo huo alijua kazi, lakini mstari mmoja tu aliuacha, na mishahara ya watu ikawa gumzo la kantini.

Usisome faili lote kwa read(). Watu watatu wakipakua video ya GB 2 kwa pamoja, hiyo ni GB 6 za RAM. Seva yako ina 4.

FANYA

Kwenye Flask tumia send_from_directory. Njia ikitoka nje ya folda, inajibu 404.

Tafuta faili kwa namba yake pamoja na mmiliki wake, katika swali lilelile la hifadhidata. Ukiziacha hatua mbili, ya pili itasahaulika.

Kwenye Django tumia FileResponse. Hutuma vipande vya baiti 4096 na kulifunga faili yenyewe. Ukilifungua kwa with, litafungwa kabla halijatumwa. Mafaili mazito mwachie Nginx: Django ikague ruhusa, kisha irudishe X-Accel-Redirect. Kwenye usanidi wa Nginx, folda ya mafaili hayo iandikie internal, la sivyo kila mtu ataipitia moja kwa moja na ukaguzi wako utakuwa bure.

Faili lililopakiwa na mtumiaji litoke na Content-Disposition: attachment na X-Content-Type-Options: nosniff. HTML au SVG ya mgeni ikifunguka ndani ya kivinjari, msimbo wake unaendeshwa kwa jina la tovuti yako.

Leo, kabla hujafunga kompyuta, ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, badilisha namba kwenye kiungo chako cha kupakua, na uone unapewa nini.