PICHA NZURI ILINITIA HASARA: UZA JIKO KWA VIPIMO

Mimi niko Bukiriro, Ngara, nauza majiko ya mkaa. Mafundi wanayatengeneza kwa mkono kutoka kwenye mapipa na vyuma chakavu. Nachukua kwao kwa 12,000, nauza 15,000.

Mwaka jana niliposti jiko moja, picha kali, nimelipiga kwa karibu. Mama lishe mmoja wa Kahama akatuma hela siku hiyo hiyo, nikampandishia mzigo kwenye basi. Kesho yake akanipigia: "Mwanangu, hili ni la kuchemshia chai. Mimi napika wali wa watu arobaini."

Kosa lilikuwa langu. Kwenye picha jiko lilionekana kubwa, na kipimo sikuandika. Nikamrudishia hela yake, nikalipa parseli kwenda na kurudi 8,000. Faida yangu kwa jiko ni 3,000, yaani ilibidi niuze matatu ndiyo nifidie lile moja.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Napima mdomo wa jiko kwa tepu, naandika sentimita na sufuria ya ukubwa gani inakaa vizuri.

2. Napiga picha jiko likiwa na sufuria juu. Mteja anajua sufuria, hapo haulizi sana.

3. Nasema aina. La chuma tupu ni jepesi na linasafiri vizuri, ila joto linapotea pembeni. Lenye udongo ndani, kama yale yaliyoanza kutengenezwa Kenya miaka ya 1980, linatunza joto na linakula mkaa kidogo, ila udongo unapasuka likigongwa njiani. Hilo nalifunga kwa majani makavu ya mgomba ndani na nje.

4. Nasema ukweli wa matumizi. Pipa lililokuwa na rangi liwashwe nje kwanza mpaka harufu iishe. Na jiko la mkaa ni la kupikia nje au penye hewa, usilale nalo ndani. Gesi yake haionekani, haina harufu, na inaua.

Yule mama nilimtumia vipimo vya majiko mengine. Akachagua la sentimita 40, na mpaka leo ananiletea wateja.

Wewe bidhaa yako umeandika kipimo? Kaangalie posti zako sasa hivi.