Somo la Kiingereza: Maji Yanakwisha

Wasomaji wengi hutuuliza kwa nini mtu aweza kujua maana ya kila neno katika sentensi ya Kiingereza, na bado asifahamu sentensi yenyewe. Juma hili tutajibu kwa mfano mmoja, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, nilirudi nyumbani wakati wa likizo nikiwa na majivuno mengi. Mjomba wangu alikuwa na punda, na kazi yake ilikuwa kupeleka mahindi katika kambi moja ya watengenezaji wa barabara, mwendo wa saa nne kutoka kwetu. Mwanawe alikuwa kibarua huko. Jioni moja mjomba aliletewa barua fupi na karani wa kambi, mgeni asiyejua lugha yetu. Akaniita akasema, "Mpwa wangu, umesoma, nisomee." Barua ilisema hivi: "We are running out of water. Please bring your donkeys tomorrow."

Nilijua "run" ni kukimbia, "out" ni nje, na "water" ni maji. Basi nikatangaza mbele ya watu wote: "Wanakimbia kutoka majini! Kambi imeingiwa na mafuriko!" Mke wa mjomba akaanza kumlilia mwanawe. Kabla ya mapambazuko wanaume walitoka na punda, wakichukua kamba na magunia matupu ya kuokolea vyombo. Walipofika waliikuta nchi kavu kama mfupa, na vibarua wamekaa kivulini, midomo imekauka, wakigawana maji kwa kikombe. Hakuna aliyechukua hata debe moja la maji. Iliwabidi warudi mwendo ule ule, na maji hayakufika kambini mpaka usiku.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine kama hujui, sema hujui." Maneno hayo sijayasahau.

Haya, na tutazame barua ile. Katika Kiingereza kitendo kidogo kama "run" chaweza kufuatwa na neno dogo kama "out", na maneno hayo mawili yakawa kitendo kimoja chenye maana mpya. Si wageni peke yao wanaotatizwa. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba maneno ya namna hii ni shida kubwa sana kwa wageni. Kwa hiyo usiyafasiri moja moja. Jifunze yote pamoja, kama mtu anunuavyo kufuli pamoja na ufunguo wake.

"Run out" maana yake ni kwisha. "Run out of" maana yake ni kuishiwa. Lugha yetu yaifanya kazi hii kwa kubadili mwisho wa kitendo: kwisha, kuishia, kuishiwa. Kiingereza huifanya kwa kuongeza neno dogo. Linganisha:

The water is running out. — Maji yanakwisha.
We are running out of water. — Tunaishiwa na maji.

Katika sentensi ya kwanza, kinachokwisha ndicho kinachotangulia. Katika ya pili, anayetangulia ni mwenye kupungukiwa, na kitu chenyewe hufuata baada ya "of". Usiseme "We are running water out". Maneno haya hayatenganishwi.

Sasa tuangalie wakati wa kitendo. Kwa jambo linaloendelea sasa hivi, tumia "am", "is" au "are", kisha ongeza "ing" katika kitendo: I am, he is, we are, you are, they are. Herufi ya mwisho ya "run" huandikwa mara mbili, "running", kwa kuwa neno hilo ni fupi, lina vokali moja na konsonanti moja mwishoni. Ndivyo ilivyo pia kwa "sit", "sitting", na "cut", "cutting".

Wakati huu wafanana na -na- yetu: tunaishiwa. Kwa jambo la desturi, sisi husema hu-, na Kiingereza hakitumii "ing":

We run out of water every January. — Sisi huishiwa na maji kila Januari.

Tena, angalia sana tofauti hii:

We are running out of water. — Tunaishiwa na maji. Bado yamebaki kidogo.
We have run out of water. — Tumeishiwa; hakuna hata tone.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwenye kuandika "are running out" anamwambia mwenzake kwamba ingali nafasi ya kusaidia. Kama karani yule angalingoja mpaka aandike "have run out", vibarua wangalishinda kutwa bila hata kile kikombe.

Onyo moja zaidi. Wakati mwingine "running out of" ni kukimbia kweli. Tazama neno linalofuata. Likiwa ni mahali, mtu anatoka mbio: "The boy is running out of the house." Likiwa ni kitu ambacho watu hukitumia kikapungua, kama unga, fedha au dawa, basi ni kuishiwa. Hata saburi hukwisha: "My patience is running out."

Zoezi. Andika kwa Kiingereza, ukiyafunika majibu kwa karatasi:

1. Mwalimu anaishiwa na chaki.
2. Petroli inakwisha.
3. Je, mnaishiwa na dawa?
4. Hatuishiwi na unga.
5. Watoto wanatoka mbio shuleni.
6. Tumeishiwa na chumvi.

Majibu:

1. The teacher is running out of chalk.
2. The petrol is running out.
3. Are you running out of medicine?
4. We are not running out of flour.
5. The children are running out of the school.
6. We have run out of salt.

Aliyekosa la sita na alirudie somo. Na yeyote atakayeletewa barua na mzee wake ili amsomee, asione haya kusema, "Baba, ngoja kwanza niulize." Kuuliza si ujinga, na huenda kukawaokoa watu na safari ya bure.