Kupima Kabla ya Kubadilisha: Utambuzi wa Hitilafu za Alteneta na Mfumo wa Kuchaji

Gari linapogoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huangukia betri, na mara nyingi mwenye gari hununua betri mpya ambayo nayo huishiwa nguvu baada ya muda mfupi, kwa sababu hitilafu haikuwa ndani ya betri bali katika mfumo unaopaswa kuijaza. Hasara hiyo huepukika kwa kifaa kimoja cha bei nafuu, yaani mita ya kupimia umeme, alimradi vipimo vifanywe kwa mpangilio na kila namba inayosomwa ieleweke maana yake.

Alteneta ni mashine inayozungushwa na injini kwa mkanda. Ndani yake mna rota, ambayo ni sumaku-umeme inayozunguka, na steta, ambayo ni nyaya za shaba zilizosukwa kuizunguka rota hiyo bila zenyewe kusogea. Rota hupata umeme wake kupitia vipande viwili vidogo ambavyo mafundi huviita kaboni, na inapozunguka husababisha mkondo geu katika steta, mkondo ambao dayodi, yaani vipitishi vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa kwa betri. Regyuleta ndiyo inayoamua rota ipewe umeme kiasi gani, ili volti zisipungue wala kuzidi.

Kipimo cha kwanza ni cha betri iliyopumzika, ikiwezekana baada ya gari kulala usiku mzima. Betri ya kawaida ya asidi na risasi iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebakiwa na karibu nusu ya chaji, na ikishuka chini ya 12 imekwisha kabisa au karibu. Betri inayosoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa huwa imepoteza chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita, na hiyo haina budi kubadilishwa. Inafaa pia mita itazamwe wakati stata inapozungusha injini, kwani betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu.

Injini ikishawaka, volti kwenye betri zinatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, na zisalie juu ya 13 hata taa kubwa, feni na kiyoyozi vinapowashwa kwa pamoja huku injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Zikibaki pale pale zilipokuwa kabla ya kuwasha, hakuna kinachochajiwa. Zikizidi 15, regyuleta imeshindwa kazi, na dalili zake ni maji ya betri kukauka haraka, harufu ya mayai viza na balbu kuungua mara kwa mara. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya miaka ya karibuni huruhusu kompyuta ya injini kushusha volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usomaji mmoja wa chini, bila mzigo wa taa, hautoshi kuihukumu alteneta.

Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha kuifungua alteneta, ilhali sehemu inayostahili uvumilivu zaidi ni ya nyaya. Nyuma ya alteneta kuna skrubu nene yenye nati, inayotoa umeme kwenda kwenye betri, na skrubu hiyo lazima iwe na volti za betri hata injini ikiwa imezimwa. Isipokuwa nazo, fyuzi kubwa iliyo kati yake na betri imekatika, jambo linalotokea mara nyingi mtu anapobusti gari kwa kugeuza nyaya. Kisha, injini ikizunguka na taa zikiwaka, ncha moja ya mita huwekwa kwenye skrubu hiyo na nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Iwekwe kwenye nguzo yenyewe, si kwenye kibano kinachoishika, kwa kuwa ukungu mweupe au wa kijani ulio kati ya nguzo na kibano ndio mara nyingi unaozuia umeme, na katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi kutu ya namna hiyo haikawii kurudi. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna mahali umeme unapotelea. Kipimo hicho hicho hurudiwa kati ya bodi ya alteneta na nguzo ya hasi, upande ambao husahaulika ingawa waya wake uliolegea huweza kuizuia betri isichajiwe ipasavyo.

Mkanda hukaguliwa kwa macho na kwa kidole gumba: uliopasuka, unaong'aa kwa kuteleza au uliolowa oili hauwezi kuizungusha alteneta kwa kasi inayotakiwa, na mlio mkali mara tu baada ya kuwasha gari ni ushahidi wa kutosha.

Taa ya betri kwenye dashibodi hueleweka vibaya. Swichi inapofunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo sharti iwake. Isipowaka, balbu au waya wake una kasoro, na katika magari mengi ya zamani alteneta nzima inaweza kukataa kuchaji kwa sababu hiyo tu, maana umeme wa kuiamsha rota hupitia kwenye balbu hiyo.

Betri inayochajiwa vizuri mchana lakini ikaamkia tupu huashiria umeme unaovuja usiku, na dayodi iliyoharibika ni mojawapo ya vyanzo vyake. Mita ikigeuzwa isome volti za mkondo geu kwenye betri, injini ikizunguka, usomaji unaozidi nusu volti huelekeza huko.

Ipo desturi moja inayopaswa kukomeshwa katika kila gereji, nayo ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili kuona kama itazimika. Betri hutuliza volti za alteneta, na inapotolewa ghafla volti zinaweza kuruka kupita 40, zikaunguza dayodi, regyuleta au kompyuta ya gari, ambayo bei yake huizidi alteneta kwa mbali.

Ikithibitika kwamba alteneta ndiyo mbovu, si lazima inunuliwe nyingine, kwani kaboni, regyuleta na beringi hubadilishwa kila kimoja peke yake. Anayechagua iliyotumika kutoka Japani ahakikishe ampea zake hazipungui za ile ya awali na soketi yake inalingana. Betri iliyokwisha kabisa ijazwe kwanza kwa chaja kabla ya kufungwa, kwa sababu alteneta imeundwa kurudisha kile kilichotumika kuwasha gari, na ikilazimishwa kujaza betri tupu kwa saa nyingi huchemka.