FUNDI BATI WA TUSKEGEE



Watu wengi wanaotamani kuuhudumia mji wao hujizuia kwa udhuru mmoja: "Mimi sina elimu, sina mali, wala sina cheo. Nitafaa nini?" Udhuru huu husemwa kwa unyenyekevu, lakini mara nyingi ndani yake mna uvivu uliovaa kanzu. Tafadhali tuutazame pamoja mji mdogo wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Huko ilianzishwa shule iliyopata sifa duniani, na aliyeiomba ni mtu ambaye hakukaa darasani hata siku moja.

Mtu huyo aliitwa Lewis Adams. Alizaliwa mtumwa mwaka 1842. Katika Alabama ya zama zile kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa mbele ya sheria, nayo sheria hiyo ilitungwa mwaka 1832. Hata hivyo Adams alijifunza kusoma na kuandika angali mtumwa, na tena akajifunza kazi tatu za mikono: kufua bati, kushona viatu, na kutengeneza vifaa vya ngozi vya farasi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, alikuwa na kazi ya kumpatia riziki, na watu weusi wa mji ule wakamheshimu na kusikiliza shauri lake.

Mwaka 1880 mzungu mmoja, W. F. Foster, aligombea kiti katika Seneti ya jimbo. Alijua kwamba hatashinda bila kura za watu weusi, basi akamwendea Adams na kumwuliza anataka nini ili awahimize wenzake wampigie kura. Naam, hapa ndipo pa kutua kidogo. Adams angeweza kuomba fedha, au kazi ya serikali, au upendeleo kwa duka lake, na hakuna ambaye angeshangaa. Yeye akaomba shule ya kuwafunza walimu weusi. Foster alishinda, na mwaka 1881 baraza la kutunga sheria likatoa dola 2,000 kwa mwaka.

Fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Hapakuwa na kiwanja, wala jengo, wala dawati. Adams, pamoja na mfanyabiashara mzungu George Campbell ambaye zamani alikuwa na watumwa, wakaandika barua kwenye chuo cha Hampton, Virginia, wakiomba mwalimu mkuu. Waliotaka barua ile walitazamia kupata mzungu. Aliyekuja ni kijana mweusi wa miaka 25, Booker T. Washington, naye pia alizaliwa utumwani.

Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, wanafunzi wakiwa 30, katika kanisa na kibanda kibovu kilichokuwa karibu yake. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha masomo yake akamshikia mwalimu mwavuli wakati akiwasikiliza wengine. Nyumbani alikopanga hali haikuwa tofauti, maana mwenye nyumba alimshikia mwavuli mpangaji wake akila kifungua kinywa! Muda si muda wakanunua shamba lililoachwa, ekari 100 kwa dola 500, na nusu ya fedha hiyo ikapatikana kwa mkopo. Banda la kuku lilisafishwa likawa darasa.

Kisha wakataka kujenga kwa matofali, nao hawakuwa na ujuzi. Wanafunzi walisimama katika shimo la udongo, tope likiwafika magotini, na baadhi yao wakaondoka shuleni kwa kuchukizwa na kazi hiyo. Tanuri la kwanza likaharibika. La pili likaharibika. La tatu lilikaribia kuiva, likaanguka. Walimu wakashauri jambo hilo liachwe. Washington akaenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akachoma tanuri la nne, nalo likafaulu. Saa ile haikurudi, kwa sababu muda wa rehani ulipita kabla hajapata fedha za kuikomboa. Karibu miaka 20 baadaye wanafunzi walifyatua matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja, na wazungu wa mji walikuwa wateja wao.

Lakini msomaji asidhani kwamba haya yalikuwa ya wanaume peke yao. Mwaka huo huo wa 1881 alikuja mwalimu Olivia Davidson. Yeye alipita nyumba kwa nyumba, kwa weusi na kwa weupe, akiomba hapa keki, pale kuku, kwingine mkate, ili viuzwe katika karamu za kuichangia shule. Kisha akasafiri mpaka majimbo ya kaskazini kutafuta msaada. Mwaka 1885 aliolewa na Washington, ambaye mke wake wa kwanza, Fanny Smith, alifariki mwaka 1884 na kuacha binti mdogo. Olivia naye alifariki mwaka 1889, akiacha wana wawili wadogo. Ni vyepesi kuhesabu majengo ya shule, lakini hesabu ya afya iliyotumika kuyasimamisha haiandikwi ukutani. Baadaye Margaret Murray, aliyeolewa na Washington baada ya msiba huo, alianzisha mikutano ya akina mama. Ilifanywa siku za Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku wanawake wa mashambani walipokuja mjini kununua mahitaji yao. Badala ya kuwasubiri shuleni, aliwafuata sokoni walikokuwa, akazungumza nao juu ya malezi, mapishi na usafi.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes ilizitembelea nchi zetu, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kwa kufuata mambo ya kusini mwa Marekani. Walimu walikwenda huko pamoja na wake na watoto wao, kwa sababu mke naye alifundishwa. Wakosoaji walisema kwamba wakoloni walipenda Mwafrika afundishwe jembe ili asiulize habari za utawala, na neno lao halikuwa bure.

Tena kuna jambo zito zaidi. Adams aliinunua shule kwa kura. Mwaka 1901 Alabama ilitunga katiba mpya, na kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma ikawanyang'anya watu weusi karibu wote haki ya kupiga kura. Adams alifariki mwaka 1905, baada ya kuyaona hayo. Je, alidanganywa? Mimi naona hapana. Kura ingeporwa hata kama asingeomba kitu, shule haikuporwa. Lakini siwezi kumlaumu anayesema kwamba bei ilikuwa kubwa.

Mwaka 1912 tajiri Julius Rosenwald alianza kusaidia ujenzi wa shule ndogo sita za vijijini karibu na Tuskegee, kwa sharti kwamba wanakijiji wenyewe wachange. Hadi mwaka 1932 shule za namna hiyo zilikaribia 5,000 katika majimbo 15. Rosenwald alitoa zaidi ya dola milioni 4. Watu weusi, wengi wao wakiwa wakulima maskini, walitoa kiasi cha dola milioni 4.7, yaani walimpita tajiri.

Desturi hiyo ya kuchanga ilikuwa ya zamani. Washington amesimulia kwamba katika siku zile za mwanzo alimjia bibi kizee wa miaka kama 70, anachechemea kwa mkongojo, amevaa matambara, lakini matambara safi. Bibi huyo alimwambia kwamba maisha yake bora aliyamaliza katika utumwa, naye hajui kitu. Fedha hana, ila ameweka mayai sita, na anataka yaingie katika kuwasomesha vijana hawa. Washington aliyapokea. Baadaye alipewa na matajiri maelfu ya dola, akaandika kwamba hakuna zawadi iliyomgusa moyo kama ile. Jina la bibi huyo hakulitaja.