KIONGOZI WA MATEMBEZI, USIMWACHE MTU NYUMBANI

Mwezi huu tunazungumza hasa na vijana wanaotamani kazi ya kuwaongoza watu mlimani na porini. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya, una mengi ya kuonyesha: kimondo cha Mbozi, milima ya Ileje, bonde la Ziwa Rukwa. Lakini kiongozi wa matembezi si wa wageni tu. Akijifunza vizuri, anakuwa msaidizi wa afya za jirani zake.

Kwa nini tutembee?

Pale Tunduma wengi hushinda wameketi: madereva katika foleni ya malori, wenye maduka, wabadilisha fedha. Kukaa hivyo miaka mingi huchangia shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama kutembea haraka. Watoto na vijana wapate dakika 60 kwa siku. Wenye ulemavu nao wamo katika ushauri huo. Tena kutembea penye miti na hewa safi hupunguza mawazo na huleta usingizi.

Nani huachwa?

Sisi wauguzi tunawaona: mtoto asiyetembea, kijana mwenye kifafa, bibi asiyeona. Husemwa “huyu hawezi” kabla hajaulizwa. Mwaka 2012 Spencer West, asiye na miguu, alifika kilele cha Kilimanjaro, sehemu kubwa akienda kwa mikono yake. Hatusemi kila mtu apande Kilimanjaro. Tunasema kila mtu aulizwe, naye ajibu mwenyewe.

Mambo ya kujifunza

1. Uliza mapema, tena faraghani: ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, anahitaji msaada gani. Siri yake usiitangaze.

2. Anayekwenda polepole atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Msaidizi mmoja abaki nyuma ya wote. Kila mtu awe na maji safi ya kunywa.

3. Asiyeona usimvute mkono wala fimbo. Mpe kiwiko chako ashike, wewe tangulia nusu hatua, ukimweleza njia: “Hapa pana jiwe, hapa tunashuka.” Kimondo chetu, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, kinafaa sana kwake, maana chuma hujulikana kwa kukigusa.

4. Mwenye kiti cha magurudumu usimsukume bila kumwuliza. Kwenye mteremko mkali, kiti kishuke kinyumenyume, nawe ukikizuia kutoka upande wa chini.

5. Mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, apake mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo hutengenezwa hata hapa nchini, Moshi. Tembeeni asubuhi au jioni. Baridi ya Mbozi isikudanganye: jua huunguza hata siku ya baridi.

6. Mwenye kifafa asikaribie maji wala genge peke yake. Akianguka, ondoa vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5, apelekwe hospitali haraka. Povu lake haliambukizi kifafa, msimkimbie.

7. Mwenye kisukari ale kabla ya kuondoka. Akitetemeka, akitoka jasho jingi au akianza kuchanganyikiwa, mpe sukari au soda yenye sukari, maadamu anaweza kumeza.

8. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

9. Masika yakija, radi ikianza ngurumo, ondokeni kileleni na chini ya mti uliosimama peke yake.

Mafunzo na kibali

Anayetaka kuongoza watalii kwa malipo apate mafunzo na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Vipo vyuo, kama Chuo cha Taifa cha Utalii, na Chuo cha Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963. Lakini matembezi ya majirani yaweza kuanza Jumapili hii mchana, kilometa 2 tu, penye njia tambarare na kivuli. Anzeni na nyumba ambayo ndani yake yupo mtu asiyetoka.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, nani hajatoka nje mwezi huu, na kwa nini?
2. Ni njia gani ya karibu inayopitika kwa kiti cha magurudumu?
3. Nani kati yetu yuko tayari kujifunza huduma ya kwanza?