Akiba ya siri: shilingi 50 kwa siku, na namna ya kuzilinda

Tuseme unauza maziwa Masalani. Unarudi kutoka sokoni na shilingi 600, na kabla hujavua viatu bwana ameshanyoosha mkono: leta pesa, leta simu. Anasoma meseji moja baada ya nyingine. Hata sabuni lazima uielezee. Umeanza kufikiria kuondoka, lakini nauli ya Garissa huna, sembuse kodi ya chumba. Makala ya leo ni yako, dada.

Anza na swali ambalo wengi huliruka: hiyo laini ni ya nani? Kama ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, basi ni yake. Anaweza kwenda dukani akabadilishiwa laini, akapata PIN mpya, na akiba yako imekwenda. Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Ikiwa unayotumia haimo, usiweke hapo hata shilingi. Sajili yako mwenyewe. Chip ni kitu kidogo, si lazima ikae nyumbani kwako. Inaweza kukaa kwa dada au habaryar unayemwamini, lakini PIN ibaki kichwani mwako peke yako. Na tafadhali, PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Hiyo ndiyo ya kwanza atakayojaribu.

Angalia pia Fuliza. Laini yenye deni la Fuliza hukata pesa yoyote inayoingia, kwa hiyo usiweke akiba kwenye laini hiyo kabla ya kumaliza deni.

Sasa hesabu. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi, na 9,000 kwa miezi sita. Kuweka pesa kwa wakala ni bure. Kutoa ndiko kunakokula. Kwa ada za M-PESA za sasa, kutoa shilingi 200 ni 29, na kutoa 2,000 pia ni 29. Ukitoa 200 mara kumi umelipa 290. Vumilia, utoe mara moja.

Lakini wakala mwenyewe ni nani? Masalani ni mji mdogo, na huenda wakala wako ni binamu ya bwana. Afadhali mteja mmoja au wawili wa maziwa wakulipe moja kwa moja kwenye ile laini ya pili, pesa isipite mikononi mwa mtu. Meseji za malipo zifute, ila usifute zote: simu isiyo na meseji hata moja inazua maswali.

Kuna pia M-Shwari, iliyoanza 2012. Pesa iliyo huko haionekani kwenye salio la kawaida la M-PESA, na unaweza kuifunga kwa muda. Mambo mawili hapa. Inalipa riba, na kama hutaki riba, acha pesa kwenye M-PESA au fungua akaunti katika benki ya Kiislamu Garissa mjini. Pili, pesa iliyofungwa haitoki papo hapo. Usifunge yote, nauli iwe wazi kila siku.

Ayuuto? Ni nzuri kwa nidhamu, ila zamu yako inajulikana mtaa mzima, na siku ya kupokea bwana atakuwa mlangoni.

Mchumi Simone Schaner alichunguza jambo hili magharibi mwa Kenya. Wanandoa walipewa kadi za ATM zilizopunguza ada ya kutoa pesa. Akaunti za wanaume na za pamoja zilitumika zaidi, lakini za wanawake hazikufaidika, hasa wale wasio na sauti nyumbani. Kadi iliyorahisisha kutoa pesa ilimrahisishia mume pia. Kwa hiyo programu ya simu inayofunguka kwa alama ya kidole, ukiwa umelala, si rafiki yako. Tumia *334# na PIN.

Na siyo wizi. Sheria ya Kujikinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili. Kwa Waislamu, mahari na kipato cha mke ni mali yake. Ila jua hili mapema: ukiomba khului kwa kadhi, huenda ukatakiwa kurudisha mahari. Iweke kwenye hesabu.

Chagua pia msimu. Mvua ikikata barabara, 9,000 haikufikishi popote, kwa hiyo lenga kuwa tayari kabla ya mvua. Mweleze mtu mmoja siku utakayoondoka, kwa sababu siku hiyo ndiyo hatari zaidi. Beba kitambulisho na vyeti vya watoto. Ukihitaji msaada piga 1195, ni bure, kisha futa namba hiyo kwenye orodha ya simu ulizopiga.