Gari Ikilala, Oda Imelala: Matunzo ya Gari kwa Anayeuza Mtandaoni



Leo tuache habari za picha kali na maneno ya kuweka chini ya picha. Tuzungumze gari. Wengi wanaouza mtandaoni huku kaskazini Pemba duka lao ni simu, lakini miguu yao ni gari: kirikuu, Vitz, au Noah ya shemeji ya kuazima Jumamosi. Mteja wa Wete keshatuma pesa, umemwandikia "saa nane mzigo upo mlangoni kwako", halafu unawasha gari inalia tik tik tik, basi. Mteja haoni betri yako. Anaona umemdanganya. Na kama mzigo wenyewe ni pweza au samaki wabichi, barafu haikusubiri umalize kupiga simu.

Sisi wa Shumba tuna jambo jengine juu ya hilo. Konde utapata oili, balbu na vitu vidogo vidogo, lakini spea ya maana mara nyingi ni Chake. Ikikosekana Chake, ni Unguja au Dar, inakuja na boti mpaka Mkoani, na Mkoani iko kusini, sisi tuko kaskazini kabisa. Kitu ambacho mtu wa Dar anakipata kwa bodaboda ndani ya saa moja, wewe unaweza kukisubiri siku kadhaa. Kwa hiyo ni bora uujue ugonjwa wa gari mapema, kabla haujakulaza njiani.

DAKIKA TANO ZA ASUBUHI

Fanya kabla hujawasha, gari ikiwa imelala usiku mzima na imesimama pahala tambarare.

Vuta kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Rangi nyeusi peke yake isikutie hofu, oili ikifanya kazi inakuwa nyeusi. Cha kuogopa ni oili iliyokuwa kama chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia kwenye oili. Usiwashe, mwite fundi. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku unapima, tena oili ya namba ileile inayotakiwa na injini yako (mara nyingi imeandikwa kwenye kitabu cha gari au juu ya kifuniko cha oili, kwa mfano 5W-30). Usijaze kupita alama ya juu. Ikizidi nayo inaharibu.

Angalia tangi dogo la akiba la maji ya rejeta, nalo lina alama mbili. Kisha inama uangalie chini ya gari. Matone ya maji safi baada ya kutumia kiyoyozi si tatizo. Maji ya kijani au mekundu ni kulanti inavuja. Nyeusi au kahawia ni oili. Ukikuta unyevu wa mafuta upande wa ndani wa tairi, huenda ni mafuta ya breki. Hapo safari imekufa mpaka fundi aone, hata kama mteja amekasirika.

Tairi ziangalie kwa macho kila siku na zipime upepo mara moja kwa wiki zikiwa baridi. Kiwango sahihi kipo kwenye stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate ile namba iliyo ubavuni mwa tairi, hiyo ni ya mwisho tairi inayoweza kubeba. Na unaponunua tairi, hasa ya mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Ukiona 2319, tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa nzima kabisa na tairi ikawa imeshazeeka, na tairi kuukuu likipasuka ukiwa na mzigo kwenye mteremko hutakuwa na nafasi ya pili.

Taa nazo. Mwite mtoto asimame nyuma kwa pembeni, wewe ukanyage breki na uwashe indiketa, akwambie zipi haziwaki. Balbu ni pesa ndogo kuliko maneno ya barabarani.

CHUMVI, ADUI WETU WA KARIBU

Hapa nitakaa kidogo, maana vitabu vingi vya magari vimeandikwa na watu wasioishi mita mia mbili kutoka baharini.

Chumvi ya hewani inaanza na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani pale waya unapokamata, umeme haupiti sawasawa, na gari inaweza kugoma kuwaka hata betri ikiwa nzima. Watu wengi hukimbilia kununua betri mpya. Kwanza safisha. Zima gari, vaa glavu, fungua waya wa hasi (−) mwanzo, halafu wa chanya (+). Changanya baikabonati na maji kidogo, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza kwa maji kidogo, kausha vizuri. Unaporudisha, chanya mwanzo, hasi mwisho. Kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu yake kuzuia hewa ya chumvi. Usivute sigara karibu, betri inatoa gesi inayoshika moto.

Ukiwa na mita ndogo ya kupimia umeme, na mimi nakushauri uwe nayo, betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12 imeisha chaji. Washa injini upime tena: isome kati ya 13.7 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu huku injini inanguruma, ugonjwa huenda uko kwenye altaneta au mkanda wake, na betri mpya utakayonunua nayo itakufa vilevile.

Sasa wale wauza samaki, pweza na mwani. Maji yanayotoka kwenye barafu na samaki ni maji ya chumvi, yanaingia chini ya kapeti ya buti na kukaa. Baada ya miezi unaona sakafu imetoboka. Tumia boksi lisilovuja, weka turubai chini yake, na siku hiyohiyo ukirudi toa kapeti, mwaga maji matamu, acha milango wazi ikauke. Chini ya gari vilevile, oshea maji matamu, hasa kama unashusha gari mpaka pwani kupokea mzigo wa wavuvi.

Kuna jambo jengine linalohusu maji. Rejeta usiitilie maji ya kisima chenye maji ya chumvi. Yanakula chuma kwa ndani na kuacha magaga yanayoziba njia, halafu gari inachemka kila ukipanda mlima, na Pemba milima midogo midogo haiishi. Tia kulanti. Ukikwama njiani na huna, maji safi ya mvua au ya chupa yatakufikisha nyumbani, kisha uende kwa fundi ayatoe na kuweka kulanti. Na kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambara. Maji ya ndani yako kwenye mgandamizo, ukifungua yanaruka usoni. Subiri mpaka uweze kushika bomba la rejeta bila kuungua.

KIRIKUU SI LORI

Vigari hivi vidogo vya Kijapani vya injini ya sisi 660, kwa sheria ya kwao, vimewekewa mzigo usiozidi kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Najua umeona kirikuu kimebeba kumi na tano na kikafika. Kimefika, ndiyo, lakini springi, beringi, klachi na breki zimelipia, na bili inakuja kwako baadaye kidogo kidogo. Ukiuza fenicha, saruji au magunia, panga safari mbili na umtoze mteja safari mbili.

Na kama mzigo ni mzito, upepo wa tairi za nyuma ufuate stika ya gari kwa hali ya mzigo. Tairi laini chini ya mzigo inapata moto mpaka inapasuka.

IPI YAKO, IPI YA FUNDI

Unaweza mwenyewe: kubadilisha filta ya hewa (barabara za vumbi huiziba upesi, igonge vumbi litoke, usiifue kwa maji maana ni karatasi), waipa, balbu, fyuzi, kusafisha betri, kubadilisha tairi. Fyuzi iwe ya ampea ileile. Anayeweka waya badala ya fyuzi amejitengenezea moto chini ya dashibodi.

Tairi: legeza nati gari ikiwa bado chini, weka mawe kwenye tairi zinazobaki, ndipo upige jeki. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Na usiingize kichwa wala mkono chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake. Jeki inateleza, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Breki, usukani, na mabomba ya petroli ni ya fundi. Hata hivyo unaweza kuuliza maswali yanayompa fundi adabu: pedi imebaki milimita ngapi? Ikishuka chini ya 3, badilisha. Mafuta ya breki yamebadilishwa lini? Yananyonya unyevu wa hewa, na kwetu unyevu haukosekani, kwa hiyo kila miaka miwili yatolewe yote yawekwe mapya. Mwambie akurudishie spea kuukuu mkononi. Fundi mzuri hachukii hilo.

KUAGIZA SPEA KWA SIMU

Hapa ndipo wewe muuzaji wa mtandaoni unapogeuka mteja, na kila kosa unalolichukia kwa wateja wako unaweza kulifanya. "Naomba bei ya filta ya Vitz" ni sawa na mtu kukuandikia "bei gani gauni?" bila kusema lipi. Vitz mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na injini tofauti: SCP10 ina injini ya 1SZ-FE ya lita 1.0, na NCP10 ina 2NZ-FE ya lita 1.3. Ukikosea hapo, spea inatoka Kariakoo mpaka Mkoani mpaka Shumba, haingii, na nauli imekwenda.

Kwa hiyo piga picha kibati cha gari ndani ya boneti kinachoonesha namba ya chesesi na aina ya injini, uiweke kwenye simu sasa hivi, si siku ya shida. Ukitoa spea kuukuu, ipige picha mbele na nyuma, weka rula pembeni, na picha nyengine ya karibu ya namba iliyochapwa juu yake. Tuma zote pamoja. Uliza kabla ya kulipa: mpya au ya mtumba? Isipoingia, inarudi kwa nauli ya nani? Dai picha ya spea yenyewe ikiwa imeshafungwa, pamoja na risiti ya boti.

KIBUBU CHA GARI

Wengi huweka bei ya kupeleka mzigo kwa kuhesabu petroli tu, ndiyo maana mauzo yanapanda na pesa haionekani. Piga hesabu kwa kilomita. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Oili na filta shilingi 60,000 kila kilomita 5,000, hiyo ni shilingi 12 kwa kilomita. Tairi nne 400,000 zinazokwenda kilomita 40,000, shilingi 10. Betri 180,000 kwa kilomita 36,000, shilingi 5. Pedi za breki 60,000 kwa kilomita 20,000, shilingi 3. Umeshafika 30, na bado hujaweka yale yasiyotarajiwa, ambayo kwa gari ya mtumba tuyape 30 mengine. Basi ni shilingi 60 kwa kila kilomita juu ya petroli. Safari ya kilomita 70 kwenda na kurudi ni 4,200. Ukiwa na oda sita safari hiyo, ni 700 kwa kila mteja. Hakuna mteja atakayekukimbia kwa 700, lakini wewe ukiitia kwenye kibubu au laini ya simu ya peke yake kila ukirudi, siku altaneta ikifa pesa ipo na mtaji haujaguswa.

Na ikitokea imelala kweli, mwandikie mteja kabla ya saa uliyomuahidi, si baada: "Gari imepata hitilafu hapa Konde. Mzigo wako uko salama. Nakuletea kesho saa nne, au nirejeshe pesa yako sasa hivi, chagua wewe." Uwe na namba mbili za wenye gari wengine wa njia hiyo, na mkubaliane bei mapema, kabla hujawa na shida.